Saa Tisa ya Mkuu wa Kituo

Siku yangu ya kwanza ya kuvisha ndege pete ilikuwa Ibra, katika shamba la mitende, mwanzo wa Septemba, joto linapoanza kulegea na ndege wadogo wa kaskazini wanapopita Omani kwenda Afrika ya Mashariki. Ndiyo kwanza nimehamia na mama kutoka Unguja, Kiarabu changu cha kuombea maji tu.

Mkuu wa Kituo cha ndege, mtu wa Ibra asiyejua neno la Kiswahili, alinifundisha kwa mikono. Tulitandaza nyavu nyembamba baina ya mitende. Ndege akinasa, unamnasua, unamtia kwenye mfuko wa kitambaa, unapima bawa kwa rula, unapuliza manyoya ya kifua uone ana mafuta kiasi gani ya safari, kisha unambana mguuni pete ya alumini yenye namba, ajulikane akinaswa kwingine. Niliipenda kazi hapo hapo, sikufichi.

Kabla ya kwenda Mudhaibi kwa shughuli za ofisi, akaniachia agizo moja. "Ya bint, sakkri ash-shabak as-saa tis'a. Fahimti?"

"Naam, bwana," nikajibu kwa madaha. Funga nyavu saa tisa, nani asiyeelewa? Kwetu saa tisa ni mchana, alasiri inakaribia. Kumbe yake ilikuwa saa tatu ya asubuhi, maana jua likishapanda, ndege aliyenasa hukauka kama dagaa.

Aliporudi saa tano yetu ya asubuhi, mimi niko upande wa pili nikipima ndege, najiona hodari. Wavu wa mwisho ulikuwa na wawili. Mmoja amekufa, wa pili anatweta mdomo wazi.

Hakupiga kelele. Alimweka yule aliyekufa kiganjani mwangu. "Miskin," akasema, "hadha kan rayih Zinjibar." Maskini, huyu alikuwa anakwenda Zanzibar. Nililia kama mtoto. Kisha akanifahamisha kwa ishara: huyu wa pili asiporuka, kesho nisije.

Nikakaa naye kivulini kando ya falaji, mfereji wa kunyweshea mitende, nikimdondoshea maji mdomoni kwa ncha ya kidole. Ilipoadhiniwa alasiri akakunjua bawa, akaninyea kiganjani, akaruka. Mkuu alicheka mpaka akakaa chini. Tangu siku hiyo kila saa alinionyesha kwa kidole angani: jua likifika pale, funga.

Baadaye nilipelekwa Nizwa, chini ya Bwana Mkaguzi aliyependa daftari kuliko ndege, kisha Sur, nikadumu huko. Watu huniuliza nimevisha ndege wangapi. Wallahi sijui. Nimewapenda wote, lakini ninayemkumbuka kila unyoya wake ni yule mmoja aliyekufa wavuni, asiyepata pete.

Asubuhi yangu ya mwisho kazini, Zuwena, niliyemfundisha mwenyewe na sasa ndiye mkuu wa kituo, alinipa heshima ya kufunga nyavu. Nikaanza.

"Bibi, bado mapema, kuna nusu saa nzima."

"Najua, mwanangu," nikamwambia. "Funga."