Jina Alilonyimwa Mtoto wa Germaine

Germaine, fundi wa nguo wa mtaa wa Kamalondo, alijifungua mtoto wake wa kwanza akiwa na miaka arobaini na tatu, na badala ya vigelegele akapata minong'ono. Macho ya mtoto yalipanda pembeni, shingo ilikuwa laini kupita kiasi. Jeanne, dada mkubwa wa mumewe, alimtazama mara moja tu akamrudisha kwa mama yake.

"Kwetu hakuna mutoto wa namna hii," alisema. "Aseme kwenye alimutosha, alimutoa kwa nani."

Basi jina likazuiwa. Katika ukoo ule mtoto wa kwanza wa kiume hurithi jina la babu, Nkandu, na baba hulitamka mbele ya ndugu zake. Asiyetamkiwa si wa kwao. Na mjini humu mtoto aliyekataliwa kwao, tena mwenye sura kama ile, ni rahisi kuitwa mchawi. Germaine alilijua hilo, na roho haikumtulia.

Majibu ya damu ya mtoto yalipotoka hospitalini, akamburuta mumewe, Donat, hadi kwa daktari, asikie kwa masikio yake mwenyewe.

Daktari, maskini, alieleza kwa nia njema. Kabla seli haijagawanyika, kromosomu hujipanga katikati. Nyuzi kutoka pande mbili huzishika, na seli hungoja. Haivuti mpaka zote zishikwe sawasawa. Germaine alielewa upesi: hata yeye hakati kitambaa kabla pini zote hazijaingia. Lakini mayai ya mwanamke huanza kazi hiyo angali tumboni mwa mama yake, kisha husimama njiani miaka na miaka, na vifungo vya kila jozi hulegea. Kwa huyu mtoto, jozi ya ishirini na moja haikuachana. Zote mbili zilikwenda upande mmoja, mtoto akapata tatu badala ya mbili.

"Hakuna muntu alifanya kitu," daktari alisema. "Haiko bulozi, haiko zambi."

Germaine akashusha pumzi. Ndiyo maneno aliyoyataka.

Donat aliuliza swali moja tu. "Ile yai, ni ya nani?"

"Mara mingi ni ya mama. Lakini kosa yake haiko."

Hayo ya mwisho Donat hakuyasikia, au alijitia kiziwi. Mwanaume yule alikuwa anatafuta pa kutokea, na sasa alipapata.

Jumapili ndugu walikaa uani. Donat akasimama. "Docteur amesema inatoka kwake. Damu yetu iko muzuri."

Uchawi haukutajwa tena. Hapo Germaine alifaulu. Jina pia halikutajwa. Na ni yeye mwenyewe aliyemshika mkono mumewe akampeleka kuyaokota maneno yale.

"Ataitwa Constantin," alisema hatimaye. "Jina ya baba yangu."

Jeanne aliingia ndani, akatoka na nguo za Germaine na za mtoto, zimeshafungwa katika kitenge kimoja.