Kwa Nini Sikuhamia Kando ya Mweru

Siku ya kwanza ya kazi nilifika nimechelewa, suruali imejaa vumbi mpaka magotini, na Kapita, mukubwa wa mafundi, akanicheka mbele ya watu wote.

"Weye, umetoka Kongo kwa miguu leo asubuhi?"

"Hapana, Kapita. Nimetoka kambi ya wakimbizi kwa baiskeli, nitarudi kwa baiskeli, na kesho utaniona tena."

Masomo yangu yaliishia darasa la nne, lakini kujibu mutu sikuhitaji kufundishwa.

Kazi yetu pale Nchelenge, kando ya ziwa Mweru, ilikuwa kuziba mabwato, mashua za wavuvi. Bwato la mbao, hata likiundwa na fundi mukali namna gani, lina nafasi kati ya ubao na ubao. Unasokota pamba, unaichovya katika lami ya moto, unaisukuma ndani kwa patasi isiyo na makali na nyundo ndogo. Kisha bwato linalazwa, maana yake linafungwa kwenye maji mafupi na kuachwa humo mpaka kesho yake. Ubao unakunywa maji, unavimba, unajibana wenyewe. Haikupita muda nikaijua kazi hiyo kuliko mutu yeyote kuanzia Kafutuma mpaka mjini. Sijisifu, uliza wavuvi.

Mwenye mabwato tulimwita Patron, mufanyabiashara wa samaki aliyetoka Kongo kama mimi, ila yeye alitoka na pesa. Mwaka mumoja, uvuvi ukiwa umefungwa ili samaki wazae na sisi tukiwa na mabwato mengi ya kutengeneza, aliniita.

"Fundi, nimekujengea chumba hapa. Nguvu yako yote inaishia kwenye pedali."

"Na shamba, Patron?"

"Shamba la nini? Utakula samaki!" Watu wakacheka. Yeye hakucheka. "Ziwa likifunguliwa nikukute unaishi hapa. Kama hapana, nafasi yako napatia mwengine."

Kambini nilimukuta Mama Ruti, bibi yangu, mama ya batoto wangu, anamenya mihogo. Nikamueleza. Hakuacha hata kisu.

"Papa Ruti, hapa kambini shamba lisilolimwa wanapatia mwengine. Tuliacha moja kule Kongo tulipokimbia. La pili siachi kwa sababu ya pamba na lami. Weye enda. Miye na batoto tunabaki."

Hapo ndipo nilipobanwa. Barabara ilikuwa inanila kweli: mchanga wakati wa jua, matope wakati wa mvua, mnyororo kuanguka kila kilima. Lakini bila lile shamba, uvuvi ukifungwa, batoto wangekula nini? Na bila kazi, nani angelipa shule?

Nikiwa napima hivyo, kitu kingine kikaanza kunichokoza akili. Kapita aliishi karibu na maji kabisa. Ni yeye aliyenifundisha, na hakuwa muvivu. Lakini mabwato yake yalirudi na misumari imechomoka, na yangu hayakurudi. Wenzetu walinong'ona ati niko na dawa ya Kongo. Niliwaacha waseme, ilinipa heshima. Ila mimi nilijua sina dawa. Sasa ilikuwa nini?

Nikaanza kumuangalia Kapita. Alilaza bwato, akaenda kula. Kabla hajanawa mikono, amesharudi. Akaona maji yanaingia, roho ikamuuma, akalivuta nchi kavu, akapigilia pamba ingine. Akalirudisha, akachungulia, akapigilia tena. Ubao ulipokuja kuvimba ukakosa nafasi, ukajisukuma mpaka ukang'oa misumari. Mimi nilikuwa nafunga kamba, napanda baiskeli. Hata kama ningetaka kuchungulia, ningechungulia vipi toka kambini? Nikirudi, ubao umeshamaliza kunywa.

Nikaenda kwa Patron, Kapita akiwepo.

"Patron, siyo dawa. Ni barabara."

"Eh!" Kapita akapiga makofi. "Siku hizi barabara inaziba mabwato!"

"Basi leo tulaze bwato moja niliyoziba miye, na mutu asiiguse mpaka nifike kesho. Ikivuja, nahama, hata kama bibi yangu atabaki."

Patron akakubali. Nyumbani nilipomuambia Mama Ruti, aliniuliza neno moja tu: "Bwato ni ya nani, na nyumba ni ya nani?"

Asubuhi nilikuta watu wamejaa. Bwato lilikuwa limejaa maji mpaka kwenye viti.

"Imekufa!" Patron akaniambia. "Enda ulete vitu vyako."

"Tutoe maji kwanza, Patron."

Tukayatoa kwa ndoo, tukakaa kwenye mchanga, tukangoja. Tulipochungulia, chini palikuwa na unyevu tu, maji mapya hayakuingia. Kapita akaingia, akapitisha kidole kati ya mbao, mwanzo mpaka mwisho.

"Kumbe miaka yote nilikuwa napigana na ubao wenye kiu," akasema.

Kile chumba Patron akajazia nyavu. Na Kapita, tangu hapo, akilaza bwato anapanda gari kwenda kusalimia dada yake kule mjini Mwansabombwe.

Sasa nyundo nimeiweka chini. Niko na mabwato yangu mwenyewe, na nyumba ya mabati katikati ya lile shamba, nilijenga kwa mikono hii. Vijana wananiuliza: mukubwa, tuhamie karibu na kazi? Siwaambii mbali ni kuzuri. Magoti yangu baiskeli imeyamaliza, na muganga akiishi mbali, mugonjwa anakufa. Ninawaambia wachunguze kwanza: ile kazi inafanya nini wakati weye haupo? Kuna kazi inayolala, kuna kazi inayoharibika, na kuna kazi inayojimaliza yenyewe. Ukishajua yako ni gani, tafuta nyumba.

Maneno haya nimemusomea Mama Ruti. Alicheka mpaka akashika ubavu. Halafu akaniangalia.

"Na kama bwato lingevuja, Papa Ruti? Ungetuacha kweli?"

Mimi ambaye sijawahi kukosa la kumujibu mutu, tangu asubuhi nafikiri.