Mama yangu ndiye aliyekuwa balozi wetu, na ndiye aliyeniulia u-MC wa disko Ngara

Wakuu, poleni na mihangaiko. Haya yalinikuta mwenyewe, chumvi sijatia, na nikikumbuka bado napandwa na hasira.

Miaka ile wakimbizi walipojaa kwetu kutoka ng'ambo ya mpaka, nilikuwa MC wa disko pale Ngara. Si MC wa harusi, tuelewane hapo. Lilikuwa disko la dundo tupu, DJ anaachia muziki, mimi juu yake na maiki, watu wanaruka mpaka vumbi linapanda.

Mji ulikuwa umefurika. Magari ya mashirika, madereva, wafanyabiashara wa Kabanga, kila mtu Jumamosi anatafuta pa kupunguzia mawazo.

Nilikuwa nawachangamsha kwa Kiswahili, Kihangaza na Kirundi. Kwetu mpakani unakua nazo tu.

Basi mwenye ukumbi mmoja wa Biharamulo akanisikia. Akaniita Jumapili mchana nijaribiwe, nikifanya vizuri kazi ni ya kudumu.

Nilinyoa denge, nikavaa hereni na koti la kumetameta, asubuhi nikadandia lori.

Kwenye kizuizi cha polisi barabarani nikashushwa. Enzi hizo mkimbizi akikutwa nje ya kambi anarudishwa. Askari mmoja akasema ananijua, mimi ni yule Mrundi wa disko. Nikajieleza weee, kwamba mimi Mhangaza, mzaliwa wa Nyamiaga, hapa hapa Ngara. Hawakutaka hadithi. Wakasema balozi wangu wa nyumba kumi aje anitambue, la sivyo safari ya kambini.

Sasa sikieni balaa. Balozi wetu alikuwa mama yangu mzazi.

Mtasema si ndiyo vizuri? Subirini. Mama ni mtu wa jumuiya, rozari haimtoki mkononi, na tangu nianze disko alikuwa hanisemeshi.

Akafuatwa nyumbani, akaletwa, kitenge kimekazwa kiunoni. Nikamwamkia shikamoo. Akaniangalia kuanzia denge mpaka viatu.

"Mwanangu mimi havai hereni," akamwambia afande.

Jamani! Lori limeshaniacha, muda unakwenda, na anayenikana ni mama aliyenibeba tumboni! Nikataja ndugu zangu wote, nikataja mpaka shangazi wa Kibimba. Afande hajui acheke au anipakie, na gari la kambini linanguruma.

Mama akanivuta pembeni, akasema kwa Kihangaza, taratibu kabisa: "Acha hiyo maiki, nikutambue."

Nikabishana naye. Nikamwambia ile ni kazi kama kazi nyingine. Akageuka akaanza kuondoka, na hakuwa anatania, mama yangu namjua.

Nikamwita, nikamwambia nimeacha.

Akarudi, akakinga kiganja. Nikavua hereni nikampa. Ndipo akamwambia afande: "Huyu wangu. Mwachieni, kuna migomba ya kupalilia."

Nafasi ya Biharamulo akachukua mwingine. Mimi nikaenda kupalilia, Jumapili hiyo hiyo, na koti langu la kumetameta. Mama yupo mpaka leo, na muziki ukisikika kwa jirani ananitazama kwanza mimi.

Funzo: kabla hujatoka kutafuta maisha, patana na yule mwenye mamlaka ya kusema wewe ni nani.

Mliopita Ngara miaka ile, semeni ukweli. Ungekuwa wewe, ungevua hereni au ungepanda lile gari?

Mimi kuna siku nikiwa shambani naona bora ningepanda.