Maji Yaliyohama Tumboni mwa Mama

Tumbo la mama lilipoanza kukua, wa kwanza kulitaja alikuwa jirani yetu wa duka, mwanamke anayeuza mapazia. Alisema kwa utani: "Mama kijacho, tuandae khanga?" Mama alikuwa na miaka hamsini na sita, mjane kwa miaka tisa, na alikuwa akiuza mashuka Kariakoo tangu mimi sijaanza shule. Alicheka. Mimi sikucheka. Naona aibu kuandika hivi, lakini kwa wiki mbili nilimtazama mama yangu mzazi nikijiuliza kama ni kweli.

Kilichonitoa kwenye wazo hilo ni miguu yake. Jioni moja, wakati wa kufunga duka, viatu alivyokuja navyo asubuhi vilikataa kuingia. Nilimbonyeza juu ya kifundo. Kidole changu kikaacha shimo ambalo halikujaa upesi. Ndipo nikamwangalia vizuri. Mabega yalikuwa yamekonda, mashavu yameingia ndani, tumbo tu ndilo limetuna. Pale sokoni wengine walishaanza kunong'ona kwamba karogwa.

"Kesho hatufungui," nilimwambia. "Tunaenda hospitali."

Daktari alikuwa dada mdogo kuliko mimi. Alimwamkia mama shikamoo, akamuuliza kama anakunywa pombe.

"Mbege naionja harusini tu, mwanangu."

Akamlaza chali. Akaweka kiganja juu ya tumbo na kukigonga kwa kidole cha mkono wa pili, kama mtu anayechagua tikiti maji. Kitovuni ilitoka sauti ya ngoma. Ubavuni ilitoka sauti butu, kama ya gunia lililojaa. Kisha akamgeuza mama alalie ubavu wa pili, akasubiri kidogo, akagonga palepale kwenye ubavu wa kwanza, ambao sasa ulikuwa juu. Safari hii palilia kama ngoma.

"Maji yamehama," alisema.

Bila kisu wala mashine, kwa vidole viwili tu, alikuwa amesikia maji yakitembea ndani ya mama yangu.

Siku ya pili majibu ya vipimo vya damu yalitoka. Mama alikuwa na virusi vya homa ya ini aina ya B, pengine tangu utotoni. Vilikuwa vimelila ini polepole, bila maumivu, hadi likajaa makovu. Daktari alitueleza taratibu. Damu yote inayotoka kwenye utumbo hupita kwanza kwenye ini. Ini likiwa gumu, damu inakosa njia, mgandamizo unapanda kwenye mishipa, na maji yanavujia tumboni. Ini hilohilo ndilo linalotengeneza protini ya kuyashikilia maji ndani ya mishipa, nayo ilikuwa imepungua. Figo nazo, zikidhani mwili umekaukiwa, zinang'ang'ania chumvi na maji.

Mama akauliza, "Kama Mto Msimbazi mvua ikizidi? Maji yakikosa pa kupita yanaingia kwenye nyumba za watu?"

"Hivyohivyo, mama."

Walimtoa maji asubuhi hiyo. Walimchoma ganzi, wakapitisha sindano chini ya tumbo upande wa kushoto, na mrija ukaanza kudondosha. Nilitegemea kitu cha kutisha. Maji yalikuwa maangavu, rangi ya majani makavu, yanametameta dirishani. Kiasi kidogo kilipelekwa maabara ili yaangaliwe kama yana maambukizi; hayakuwa nayo. Chombo kilijaa lita nne, na mama akavuta pumzi ndefu, ya kwanza kwa wiki nyingi. Mwanamke huyu alikuwa amebeba mzigo ule huku akikunja mashuka na kupatana bei na wateja, na hakuna aliyemsikia akilalamika.

Kwa kuwa virusi hivyo huambukiza, mimi na mdogo wangu tulipimwa. Hatukuwa na virusi, tukapewa chanjo. Mama alianzishiwa dawa ya kuvituliza virusi na vidonge vya kupunguza maji. Chumvi ilitoka jikoni kwetu. Samaki tunamkamulia ndimu, na kila asubuhi anapanda mizani kabla ya chai, tujue kama maji yanarudi. Mara mbili tumbo lilirudi kujaa, mara mbili tukarudi hospitali. Daktari hakutudanganya: mengi ya makovu yale hayatafutika.

Miezi sita baadaye alipigwa picha ya tumbo, nami nikaruhusiwa kusimama karibu. Fundi wa mashine alituonyesha ini kwenye kioo chake. Lilikuwa dogo, kingo zake zimekwaruzika kama jiwe la matumbawe.

"Na bado linafanya kazi?" mama aliuliza.

"Linafanya, mama. Sehemu ambayo bado ni nzima inabeba kazi yote."

Aliligeukia ini pale kiooni kwa uso uleule anaomgeuzia mtu mzima anayeshusha mizigo juani pale sokoni.

"Pole na kazi," aliliambia.

Fundi hakucheka, wala mimi. Tuliendelea kulitazama hadi mgonjwa aliyefuata alipobisha hodi.