Pamba Sebuleni

Kopo la ile mashine lilikuwa linaonyesha kila kilichomo, na hapo ndipo ugomvi ulipoanzia. Ufagio hauachi ushahidi. Unafagia, unasukuma taka hadi mlangoni, upepo wa Bariadi unazibeba, na baada ya hapo mtu yeyote anaweza kusema nyumba haikuwa na vumbi. Mashine ya kufyonza isiyo na mfuko, hata ile ya bei ya chini kuliko zote dukani, inakuwekea vumbi lako lote kwenye kopo la plastiki, linazunguka mbele ya macho yako, na huwezi tena kujifanya hujaliona.

Niliinunua kwa ajili ya mama. Nyumbani tunamwita mayu, kama Wasukuma wengi wanavyowaita mama zao, na mayu ana pumu. Miezi mingine ya mwaka anaishi nayo vizuri tu. Msimu wa pamba ukifika, halali tena kama watu. Akijinyoosha kifua kinabana, kwa hiyo anakaa kitandani ameegemea ukuta na mito miwili mgongoni, ile pampu yake ya buluu mkononi, na analala akiwa amekaa. Asubuhi shingo inamuuma. Daktari alishasema akae mbali na vumbi. Alisema mbele ya baba, na baba akatikisa kichwa kukubali, akashukuru kwa heshima zote, tukarudi nyumbani, kwenye sebule iliyojaa pamba.

Nikisema imejaa namaanisha imejaa. Baba analima kijijini Zagayu na hakubali kulaza mavuno yake shambani wala ghalani kwa mtu, kwa sababu aliwahi kuibiwa. Kila mwaka anayaleta mjini kwa toyo, ile pikipiki ya mizigo ya magurudumu matatu, anatandika turubai sebuleni, anamwaga pamba juu yake hadi inafika usawa wa dirisha. Inakaa hapo mpaka kituo cha kununulia kianze kupokea, wakati mwingine wiki nyingi. Makochi yanasukumwa ukutani, wageni wanapita ubavu. Nyumba nyingi huku ni hivyo, na mimi mwenyewe utotoni nilikuwa najirusha kwenye hilo lundo nikicheka. Ila mlango wa chumba cha wazazi unatazamana na lundo, na katikati kuna pazia tu.

Nilikuwa nimemaliza chuo na kurudi nyumbani bila kazi. Mtu asiye na kazi anasikia kila kitu. Nilikuwa nalala chumba cha uani, kile cha vijana, chenye mlango wake, na hata huko nilimsikia mayu akikohoa. Mimi ni mtu wa kufikiri kupita kiasi. Nikimsikia amekohoa nawaza, akinyamaza nawaza zaidi. Nilitunga hotuba nyingi za kumwambia baba. Nilijua ningeanzaje, angejibu nini, ningemjibu nini. Halafu asubuhi namkuta anakunywa chai, namwamkia, hotuba inaishia hapo.

Nilipopata kibarua kifupi cha kuingiza taarifa kwenye kompyuta, malipo yake niliyapeleka duka la vifaa vya umeme karibu na stendi. Mwenye duka alinishushia mashine ndogo nyekundu kutoka juu kabisa ya shelfu.

"Hii haina mfuko, mdogo wangu," alisema. "Unafyonza, unamwaga, unaosha chujio, unaanika, unarudisha. Mke wako atafurahi."

"Ni ya mama."

"Basi atafurahi zaidi."

Siku ya kwanza nilimwomba mayu atoke nje, nikafungua madirisha, nikawasha. Kelele zake zilikuwa kama za mashine ya kusaga. Kuku walikimbia. Baba alikuja akasimama mlangoni, mikono nyuma, akanitazama jinsi nilivyoinama chini ya kochi na ule mpira wa kufyonzea.

"Kumbe nimesomesha mfagiaji," alisema nilipozima.

Shangazi, dada yake baba anayekaa nyumba ya pili, alikuwa amekuja kusalimia kama kila asubuhi. Naye hakutaka kupitwa.

"Mwache, kaka, anajifunza. Mkewe atakuja kukaa kitako tu."

"Mke gani? Nani atamkubali mwanaume wa kufyonza?"

"Si atamuoa huyo mwekundu."

Walicheka. Mayu, kutoka kwenye kigoda chake nje, aliwauliza: "Nyinyi ni lini mmeshika hata ufagio?" Wakacheka tena, na mimi sikucheka. Nilichomoa kopo. Lilikuwa limejaa nusu: juu nyuzi za pamba zilizosokotana kama manyoya ya kondoo mchafu, chini unga wa kijivu, laini kuliko sembe. Unga huo ndio uliokuwa unaingia kifuani kwa mayu. Nilimpelekea baba, nikamwekea mezani.

"Baba, hiki ni cha chini ya makochi tu. Sijagusa chumbani."

Aliinua kopo kwenye mwanga, akaligeuza.

"Hii pamba ni yangu," akasema. "Irudishe kwenye lundo."

Nimeifikiria kauli hiyo mara nyingi kuliko inavyostahili. Labda alikuwa anatania. Labda alijua nilichotaka kusema akaamua kukiua mapema. Kila nikiipindua naona hasira ileile chini yake. Yaani mtu anaonyeshwa kinachomnyima mkewe usingizi, anaona pamba yake tu.

Nikaendelea. Niliijua mashine ile kama watu wanavyomjua ng'ombe wao mkorofi. Nyuzi za pamba zilikuwa zinajifunga kwenye chujio, na chujio likijaa mashine inalia kwa sauti nyembamba na kuacha kuvuta. Nikawa naliosha na kulianika kutwa nzima, maana likirudi na unyevu linatoa harufu ya mbwa. Niligundua pia kwamba inapumulia nyuma, na kile inachopumua si hewa safi, kwa hiyo nikawa naielekeza matako yake mlangoni. Kopo nilikuwa nalimwaga kwenye shimo nyuma ya choo, nikiwa nimeupa upepo mgongo. Baba alikuwa ananiangalia na kutikisa kichwa. "Digrii," alikuwa anasema, neno hilohilo moja, kama mtu anayetaja jina la marehemu.

Lakini mayu alianza kulala. Kwanza aliondoa mto mmoja. Baadaye, asubuhi moja, nilimpelekea uji nikamkuta amelala ubavu, miguu ameikunja, pampu iko kwenye stuli na si mkononi. Nilisimama na ule uji mpaka ukapoa. Nilitaka baba aje aone, na nilijua nikimwita atasema mayu amechoka tu.

Kisha kituo kikaanza kupokea pamba. Baba alipeleka mzigo wa kwanza akarudi nao. Karani alikuwa ameingiza mkono, akatoa majani makavu na vumbi, akamwambia mbele ya wakulima wenzake kwamba hii ni fifi, si safi, akaichambue kwanza. Fifi ni pamba ya daraja la chini, na kwa mzee aliyelima maisha yake yote kuambiwa hivyo hadharani ni kama kuambiwa hajui kulima. Nilimwonea huruma, nakiri, na huruma hiyo iliniponza, kwa sababu sikujiuliza angeichambulia wapi.

Kesho yake nilikuwa nimeitwa Maswa kwenye usaili wa kazi. Niliondoka alfajiri, nikakaa kwenye benchi la ofisi moja katika kata ya Binza hadi mchana, nikaulizwa maswali ambayo sikuyakumbuka nilipotoka. Njiani nilikuwa najilaumu kwa kila jibu. Niliposhuka Bariadi na kukaribia kwetu, nilisikia harufu ya plastiki iliyoungua kabla sijafungua geti.

Mayu alikuwa nje kwenye mkeka, ameinama mbele, mikono magotini, anavuta pumzi fupifupi. Pampu ilikuwa mkononi. Alininyooshea kidole kuonyesha ndani, kwa sababu hakuweza kuongea.

Ndani hewa ilikuwa nyeupe. Baba na shangazi walikuwa wamefungua lundo lote, wakatandaza pamba kwenye zulia, juu ya makochi, hadi koridoni, na walikuwa wamepitisha mashine yangu juu yake ili ifyonze majani. Mashine ilikuwa imefyonza pamba. Mpira wote ulikuwa umeshindiliwa kama mto, kopo limejaa hadi mdomoni, chujio limepasuka, na kile ilichokuwa ikipumulia nyuma, mchana kutwa, kilielekezwa kwenye pazia la chumba cha mayu.

"Mashine yako haina nguvu," baba alisema. "Imetoa moshi ikazima."

"Nilimwambia kaka tutumie mikono," shangazi akasema.

"Ulisema saa ngapi? Wewe ndiye uliyekuwa umeshika mpira."

Walikuwa wanabishana kuhusu mashine. Mayu alikuwa nje anatafuta hewa, na wao wanabishana nani alishika mpira. Hotuba zangu zote zilikimbia. Nilisema tu, "Mayu hawezi kupumua."

"Ametoka nje, atakuwa sawa."

"Baba, daktari alikwambia."

"Daktari hanilimii." Sauti yake ilipanda. "Pamba hii unayoidharau ndiyo imekusomesha. Kila karatasi uliyonayo imetoka kwenye lundo hili."

Tangu nikiwa shule ya msingi nimekuwa nikiambiwa maneno hayo, na kila mara nimeinamisha kichwa, kwa sababu ni kweli. Siku ile sikuinamisha.

"Mimi imenisomesha. Yeye imemfanyia nini? Amepanda, amepalilia, amevuna, halafu analala amekaa kama mgeni kituo cha basi. Ukimzika utaimwaga wapi, juu ya kaburi?"

Shangazi alishika mdomo. Baba alinisogelea, na nilidhani atanipiga, mtu mzima na suti yangu ya usaili. Hakunipiga. Aliuliza, kwa sauti ya chini, jambo ambalo kusema kweli lilikuwa na haki yake: "Niiweke wapi?"

Kabla sijajibu, mayu alikuwa amesimama mlangoni, ameshika fremu. Pumzi ilikuwa imemrudia kidogo. Hakumtazama yeyote kati yetu. Alipita juu ya pamba, akaingia chumbani, akatoka na shuka na mto wake mmoja.

"Unakwenda wapi?" baba akauliza.

"Chumba cha uani. Nitalala kwenye kitanda cha mwanangu. Nyinyi laleni na pamba yenu."

Nadhani asiyejua mila zetu haoni uzito wa maneno hayo. Mama halali kitanda cha mtoto wake wa kiume aliyekua. Hata kukikalia hakikalii. Mimi mwenyewe nilishtuka, na sikumbuki ni lini mara ya mwisho alikuwa ameingia chumba kile. Halafu kuna majirani: mke wa mtu kuvuka uwanja na shuka kichwani, mchana, kwenda kulala kwa kijana.

"Mayu, usifanye hivyo," nikasema.

"Wifi, watu watasema nini?" shangazi akasema.

"Watasema mume wangu anaishi na pamba," mayu akajibu. Akavuta pumzi, akaanza kushuka ngazi za mlangoni.

Baba alimfuata akiwa peku. Akamzuia katikati ya uwanja, karibu na kamba ya nguo ambako nilikuwa naanika chujio. Hakumshika. Alisimama tu mbele yake. Mama mmoja jirani alikuwa amesimama kwenye ua wake, sufuria mkononi, hajifichi hata kidogo.

"Rudi ndani," baba akasema. "Pamba ndiyo itakwenda kule."

"Lini?"

"Leo."

"Sasa hivi."

"Haya. Sasa hivi."

Mayu alirudi kwenye mkeka, akakaa na shuka mapajani akisubiri, kama mtu asiyeamini neno mpaka alione limetendeka. Tuliihamisha kwa maturubai, baba ameshika upande mmoja na mimi mwingine. Kitanda changu kilitolewa. Vitabu vyangu vilipelekwa jikoni. Dirisha la chumba changu lilifichwa na pamba, na baba akafunga mlango kwa kufuli, akatia ufunguo wangu mfukoni mwake. Hakuniomba. Nikauliza nguo zangu nitazichukuaje, akasema nikizitaka alfajiri nimwamshe anifungulie.

Sijasahau, na sijifanyi nimesahau. Hakuniomba radhi, wala hakumwomba mayu. Kituoni pamba ilikuja kupita kuwa safi baada ya kuchambuliwa kwa mikono nje uwanjani, jinsi ilivyopaswa kuchambuliwa tangu mwanzo, na siku hiyo alirudi anapiga mluzi. Ufunguo bado anao yeye, kwa sababu sasa mle kuna mbegu na bomba la kunyunyizia dawa. Mimi nalala kwenye kochi sebuleni. Kuhusu usaili, hawajapiga simu. Mashine iko chini ya meza, mota imeungua, na kopo sijalimwaga. Shangazi aliniuliza kwa nini naacha uchafu ule ndani ya nyumba. Nikamwambia aulize kaka yake.

Juzi baba alisimama hapo mlangoni, mikono nyuma, akatazama chini ya makochi.

"Hiyo mashine haitengenezeki?" akauliza. "Vumbi bado lipo."

Nilikuwa na majibu mengi. Niliyapanga, kama kawaida yangu, makali na yasiyo makali. Ila mlango wa chumba ulikuwa wazi na pazia limefungwa fundo, na mayu alikuwa amelala ubavu, mchana kweupe, miguu ameikunja, bila mto wa pili. Nilimnyooshea baba kidole kuelekea kule ili apunguze sauti, nikachukua ufagio, nikaulowesha maji vumbi lisiruke, nikampa yeye.

Aliutazama. Kisha akaupokea.