Ramani ya Kichwa cha Fatu

Mimi Scola naongea sana, hilo nalijua, na siku ile ulimi wangu ndio ulioharibu. Watu wa hospitali yetu hapa Nachingwea wakimtaja Elineema husema ni mtu wa kuchelewesha. Nakasirika nikisikia! Katika miaka mitatu Elineema aliharakisha siku moja tu, na aliyemharakisha ni mimi.

Elineema ni Mpare wa Same, mtaalamu wa picha, mpole, hata maneno anayabania. Mradi mmoja wa afya ulipotuletea mashine ya sumaku ya kupiga picha za ubongo, alikabidhiwa yeye, mimi nikawa nesi wake. Alinieleza tangu mwanzo: picha zinazoonyesha ubongo ukifanya kazi hutoka zimevutika, hasa karibu na pua na masikio, kwa sababu hewa iliyomo huko inapotosha sumaku. Kwa hiyo kila mgonjwa anapimwa kwanza ramani: ndani ya kichwa hiki sumaku imepinda wapi, na kwa kiasi gani. Baadaye Elineema anakaa kwenye kompyuta, anafuta fuvu, anabakiza ubongo mtupu, anaisafisha ramani polepole, ndipo kompyuta inairudisha picha mahali pake. Ila ramani inafaa kichwa kikiwa kimelala vilevile. Kikisogea, inapimwa upya.

Fatu alitoka Likunja, kijiji cha Ruangwa. Ni mkulima wa ufuta, lakini Ruangwa nzima wanamjua kwa sauti: wasichana wakitoka unyagoni, anayeongoza nyimbo ni yeye. Alikuwa na uvimbe upande wa kushoto wa ubongo, juu ya sikio. Madaktari wa Dar walitaka kujua jambo moja: umegusa sehemu ya kusemea au haujagusa? Kama haujagusa, wataukata. Kama umegusa, kuukata ni kumfanya bubu.

"Sista, kama ni kuwa bubu, nisipasuliwe," aliniambia. "Bora nife naimba."

Siku yenyewe Namungo walikuwa wanacheza Ruangwa saa kumi, na mimi nilishapata nafasi kwenye Noah ya jirani. Ramani ikapimwa vizuri. Tukamvuta Fatu nje ya mashine tumweleze maneno ya kufikiria wakati wa picha inayofuata. Mlango ukafunguliwa, akatokea mjomba wake, Mzee Shaibu. Huku mjomba ndiye mwenye kauli juu ya mtoto wa dada yake. Fatu angemsalimiaje amelala chali? Kabla sijasema kitu, alishateremka na kupiga magoti.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu."

Akarudi kulala.

"Turudie ramani," Elineema akasema. "Dakika tano tu."

"Jamani, Elineema! Kichwa si ni kilekile? Kwani kamwachia mjomba?"

Yule mtu hachekagi, lakini siku hiyo alicheka, akabonyeza kitufe cha picha. Mimi nikawahi mpira. Tulishinda, nikashangilia mpaka sauti ikakauka.

Majibu yakarudi: uvimbe umeshika sehemu ya kusemea. Mzee Shaibu akasema basi, mtoto wake hapasuliwi, akamrudisha nyumbani.

Miezi saba baadaye Elineema alikuwa anapanga mafaili, akaniita. Kwenye ramani kichwa cha Fatu kilikuwa kimelala kimenyooka. Kwenye picha kilikuwa kimeinama upande. Akairudia kazi siku mbili nzima, kwa njia ndefu, bila ramani ile. Kati ya uvimbe na sehemu ya kusemea kulikuwa na nafasi ya upana wa kidole.

"Mtaalamu ni mimi," alisema, akafunika uso. Hakunilaumu hata kidogo. Laiti angenitukana.

Tukaenda Likunja. Elineema alimweleza Mzee Shaibu kila kitu, hakuficha. Mzee akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Kwa hiyo iliyomponza ni salamu yangu?"

"Hapana, mzee. Ni sisi."

"Ni mimi, baba," nikasema. "Nilikuwa nawahi mpira."

 Mzee akatuambia tu kwamba sauti ya Fatu ilikatika wiki mbili zilizopita. Elineema akapiga simu Dar palepale. Daktari akasema wanaweza kumpasua, huenda akaishi, lakini sauti hairudi.

Ndipo Fatu akatoka uani na ungo wa ufuta mkononi. Alipotuona akafurahi, Mungu wangu, alifurahi kabisa! Akauweka ungo chini, akapiga magoti mbele yangu kama alivyofanya kwa mjomba wake siku ile. Mdomo ukafunguka, ukacheza kidogo, ukafumba. Akajaribu tena.

"Marahaba, mwanangu," nikaitika.