Baba Mkwe na Madebe ya Spinachi

Heshima ni kitu chema, lakini ikizidi inaua, na Mzee Efraimu nusura aione ikimwulia mkazamwana wake.

Kwao, kijijini Kichiwa, baba mkwe na mke wa mwanawe hawasemeshani. Mwaka ule wa hamsini na mbili, Filemoni, mwanawe Efraimu, alikwenda Tanga kukata mkonge, akamwacha mkewe Fidelia, mwenye mimba ya miezi mitano, pamoja na baba yake katika vyumba viwili kando ya barabara, Makambako. Fidelia aliweka chakula juu ya kigoda, akaondoka, ndipo mzee akala. Waliishi hivyo, wakapendana sana, kimyakimya.

Jirani yao Teodora ndiye aliyempeleka Fidelia zahanati. Dresa, mganga msaidizi wa pale, alimfunua jicho, akaguna, akasema damu hana. Asipokula mboga za majani kila siku, siku ya kujifungua watampoteza. Teodora akamfikishia mzee habari, kisha yeye akateremka Lupingu kwenye msiba wa shangazi yake, akakawia huko.

Kiangazi kile majani yatoke wapi? Ua ulikuwa changarawe tupu, na mbuzi wa watu hawana adabu. Mzee akapanda lori mpaka Njombe, akarudi na mbegu za spinachi ndani ya leso. Akatafuta madebe manne ya mafuta ya taa, akayasugua kwa majivu mpaka harufu ikaisha, akayatoboa chini kwa msumari, akajaza udongo na samadi, akayapanga mbele ya mlango wa Fidelia. Jioni aliyafunika kwa magunia, maana baridi ya kule haina huruma. Spinachi zikashika, pana, mpaka wapita njia wakasimama kuzitazama.

Fidelia hakuchuma hata jani moja!

Wiki zikapita, majani ya chini yakaanza kugeuka njano. Mzee akaumia moyoni, akadhani binti anamdharau. Masikini, alisahau jambo ambalo hata mtoto wa kwao analijua: mali ya mkwe haiguswi mpaka uambiwe. Enzi zote marehemu mkewe ndiye aliyekuwa akisema. Yeye kazi yake ilikuwa kuleta tu.

Asubuhi moja akamwona Fidelia ameshika mwimo wa mlango, anapepesuka. Mzee akavuta kigoda, akaupa mlango mgongo, akayasemesha madebe.

"Nyie majani, mimi meno sina. Nimewapanda kwa ajili ya mtu mmoja tu humu ndani. Asipowala leo, nawang'oa niwape mbuzi."

Fidelia akajikokota hadi jikoni, kisha sauti yake ikatoka huko, ikiongea na sufuria.

"Wewe sufuria, mwambie baba nilikuwa nangoja ruhusa. Kila nikipita nameza mate."

Jamani! Mzee akajipiga paji la uso kwa kiganja. Mchana ule ule majani yaliingia sufuriani, na tangu siku hiyo hayakukosekana.

Fidelia alijifungua mtoto wa kike hospitali ya misheni. Alitoka damu nyingi mno, wauguzi wakakata tamaa mara mbili. Siku zote zile mzee hakula cha maana; alimwagilia madebe yake, akasali, akamwagilia tena.

Siku ya kumi lori likasimama barabarani. Fidelia akashuka na mwanawe mgongoni, akaja moja kwa moja mpaka mbele ya mzee, akainua macho.

"Baba, nimerudi."

Mzee Efraimu alilia kama mtoto, barabara nzima ikimwona.

"Karibu, mwanangu," akasema.